Kasuku mkubwa ndani ya Komarock: bei ya kununua ni mwanzo tu

Mara kwa mara hutumiwa picha kwenye simu na jamaa zetu wa Pwani walioko Nairobi. Picha huwa ni ya ndege mkubwa, mgongo wa buluu na kifua cha njano, mkia mrefu kama upanga, amekaa begani mwa kijana aliyevaa miwani ya jua. Chini yake swali ni lile lile: huyu anapatikana wapi, na ni pesa ngapi? Wengine huongeza kwamba wameambiwa kuna mtu Kayole anayeweza kumleta. Na kwa kuwa mimi naishi Komarock, jirani kabisa na Kayole, watu huniona kana kwamba najua kila kinachouzwa Eastlands nzima.

Hebu basi tulizungumze jambo hili kwa kituo, maana lina pesa nyingi, lina sheria, na wengi huliingia wakidhani wananunua kuku wa rangi.

Kwanza majina. Sisi Waswahili tumezoea kumwita kila ndege wa mdomo uliopinda kasuku, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia. Ndege wa kwenye picha ile ni makau, kasuku wa Amerika ya Kati na Kusini. Kasuku anayemjia Mpwani akilini, yule wa kijivu mwenye mkia mwekundu anayejifunza kuita majina ya watu wa nyumba, ni mwingine. Huyo ni wa Afrika, lakini si wa Pwani. Kwao ni misitu ya Afrika Magharibi na ya Kati, kuanzia upande wa Ghana kupitia Kamerun na Kongo hadi Uganda, na kwa Kenya ukingo wake wa mwisho ulikuwa msitu wa Kakamega, ambako sasa ni kama hayupo. Kasuku wetu hasa, anayezaliwa huku, ni yule mdogo wa kijani mwenye kichwa cha kahawia ambaye hupita kwa makundi akipiga kelele juu ya miembe na mibuyu ya Kilifi. Huyo hakuna anayemtumia mtu picha yake.

Ajabu ni kwamba nchi nzima inamjua kasuku hata kwa asiyewahi kumwona. Mtoto wa Kenya ameandika hesabu zake kwenye daftari la Kasuku, na mamake amekaanga vitunguu kwa mafuta ya mkebe wa Kasuku. Mkebe wenyewe ukiisha mafuta huwa chombo cha kuchotea maji. Kwa hivyo mtu anapokwambia anataka kasuku nyumbani, anasema jambo linaloonekana la kawaida kabisa.

Turudi kwa makau. Kuna aina zaidi ya 15, na zinazotafutwa sana na wafugaji ni tatu au nne: yule wa buluu na njano, yule mwekundu, yule mwekundu mwenye mbawa za kijani, na bwana mkubwa wao, makau wa rangi ya nili. Huyu wa nili ndiye mkubwa kupita kasuku wote wanaoruka duniani. Kutoka utosini hadi ncha ya mkia anafika mita moja, na uzito wake unaweza kufika kilo 1.7. Mwili wote ni buluu iliyokolea, isipokuwa duara la njano kuzunguka jicho na mstari wa njano kando ya mdomo, ambao humfanya aonekane anatabasamu hata akiwa na hasira.

Kivutio chao hakihitaji maelezo marefu. Ni rangi, ni ukubwa, ni akili. Kasuku wakubwa huunda urafiki na mtu mmoja au wawili, humtambua mgeni na mwenyeji, hukumbuka aliyewakosea. Wa kijivu ndiye bingwa wa maneno. Yule aliyeitwa Alex, aliyefundishwa Marekani na mtafiti Irene Pepperberg kuanzia 1977 hadi alipokufa 2007, alijua maneno zaidi ya 100, na aliweza kuulizwa kitu ni cha rangi gani au viko vingapi akajibu kwa maana, si kwa kukariri. Methali zetu zinazomcheka mwanafunzi kwa kukariri kama kasuku zimemwonea ndege huyu kidogo. Makau kwa upande wake ni mzungumzaji wa wastani. Atajifunza maneno machache, kwa sauti ya kukwaruza kama ya mzee aliyeamka. Anayemnunua makau akitarajia mazungumzo anakosea ndege. Anayelipiwa hapo ni rangi na mwili.

Sasa uhaba. Watu hudhani kitu huwa ghali kwa sababu matajiri wanakitaka. Kwa makau sababu iko kwenye mayai. Makau wa nili hutaga mayai mawili hivi kwa msimu, na aghalabu kifaranga anayeishi ni mmoja. Kifaranga huyo hukaa ndani ya kiota zaidi ya miezi mitatu kabla hajaruka, na huendelea kulishwa na wazazi baada ya hapo. Inapita miaka saba au zaidi ndipo naye aanze kutaga. Mfugaji wa kuku anapata kizazi kipya kila baada ya miezi michache. Mfugaji wa makau anaweza kuanza na jozi akiwa kijana na asiione faida mpaka ana mvi.

Porini ni vigumu zaidi. Katika eneo la Pantanal nchini Brazil, makau wa nili hujenga karibu viota vyao vyote ndani ya mti mmoja uitwao manduvi, na mti huo huwa na pango la kutosha ukifikisha miaka 60 hivi. Ukikatwa leo, mjukuu wako ndiye atakayeona badala yake. Chakula chao kikuu ni kokwa za aina mbili tu za michikichi ya huko, kokwa ngumu ambazo mtu huzipasua kwa nyundo. Ndege mwenye nyumba ya aina moja na chakula cha aina mbili hana pa kukimbilia. Katika miaka ya 1980 walinaswa kwa maelfu kwa ajili ya biashara ya wanyama wa kufuga, hadi mwaka 1987 wakawekwa kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha mkataba wa CITES, yaani mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea inayotishiwa kutoweka. Tangu 1990 mtafiti wa Brazil, Neiva Guedes, amekuwa akiwatundikia viota vya mbao na kukarabati mapango ya miti, na idadi yao ilipanda tena.

Kwa hivyo makau wa nili leo anayeuzwa kihalali ni mtoto wa ndege waliozaliwa tunduni. Marekani bei yake huwa dola 10,000 na kuendelea. Kwa kima cha shilingi 130 kwa dola, hizo ni zaidi ya milioni 1.3, kabla ya tiketi ya ndege, karantini na vibali. Wa buluu na njano ni wa bei ya chini zaidi kwa sababu huzaana kwa urahisi kifungoni na porini bado wapo wengi. Yeye yuko Kiambatisho cha Pili. Lakini hata yeye si ndege wa kubebwa kwenye kikapu.

Ndugu zetu walioko Muscat, Dubai na Doha wanaijua hamu hii vizuri, maana huko ndege wa fahari ni jambo la zamani. Ghuba hata ina sehemu yake katika kisa cha makau mdogo wa buluu aitwaye makau wa Spix, ambaye filamu ya katuni ya Rio ilimpa umaarufu mwaka 2011. Wa mwisho porini alionekana Brazil mwaka 2000, kisha kimya. Waliobaki walikuwa tunduni tu, na kundi kubwa kati yao lilikuwa Qatar, katika hifadhi binafsi ya Al Wabra iliyokuwa ya Sheikh Saud bin Mohammed Al Thani. Hapo walizalishwa kwa utaalamu mkubwa. Mwaka 2020 ndege 52 walisafirishwa kutoka Ujerumani kurudi Brazil, na Juni 2022 wanane wakafunguliwa waruke. Mkusanyaji tajiri aliwafungia, na bila tundu zake pengine wasingebaki. Ukiniuliza kama hilo linahalalisha kukusanya ndege adimu, nitasema hapana. Kwa sehemu kubwa ni wakusanyaji hao hao walioumaliza msitu ndege wake kwanza.

Hayo ya mbali. La karibu, na linalomhusu mtu wa Komarock moja kwa moja, ni kasuku wa kijivu, kwa sababu ndiye anayeweza kufika hapa kwa barabara.

Tangu katikati ya miaka ya 1970 zaidi ya kasuku wa kijivu milioni moja wametolewa misituni Afrika na kuuzwa nje. Hiyo ni hesabu ya waliopita kwenye karatasi. Haiwahesabu waliokufa kabla, na wanaokufa ni wengi: hunaswa kwa ulimbo au nyavu, mara nyingi kwa kutumia kasuku mwingine aliyefungwa kama mtego wa kuwaita wenzake, kisha husukumwa makumi kwa makumi kwenye masanduku, bila maji, safari ya siku kadhaa. Nchini Ghana watafiti walikadiria kwamba kati ya 90 na 99 kwa mia ya kasuku hawa wametoweka tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Soma tena tarakimu hiyo. Ni watu wa umri wangu walioshuhudia nchi ikiwa na kasuku na kisha ikiwa haina.

Ndiyo maana mkutano wa CITES uliofanyika Johannesburg mwaka 2016 ulimpandisha kasuku wa kijivu hadi Kiambatisho cha Kwanza, na uamuzi ukaanza kufanya kazi Januari 2017. Maana yake kwa lugha ya sokoni: aliyekamatwa porini haruhusiwi kabisa kuuzwa nje ya nchi kibiashara. Anayeruhusiwa ni aliyezaliwa tunduni, kwenye shamba la uzalishaji lililosajiliwa, na lazima awe na kibali cha nchi anakotoka na kibali cha nchi anakokwenda. Afrika Kusini ndiyo yenye mashamba makubwa ya namna hiyo.

Hapa kwetu Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 inamtaka anayefuga mnyamapori awe na kibali. Kwa miaka mingi hakuna aliyejali sana kuhusu kasuku. Shangazi ana kasuku wake barazani, aliletewa na baharia, basi. Kisha mwaka 2022 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, likatoa msamaha wa muda, kuanzia Januari hadi mwanzoni mwa Aprili: mwenye kasuku wa kijivu asiye na karatasi ajitokeze, amsajili, asishtakiwe. Muda ulipokwisha, kuwa naye bila kibali ni kosa la jinai, na sheria ile haina huruma na wanaocheza na wanyama walio hatarini.

Je, habari hiyo iliwafikia wote? Najua nyumba, Mombasa na hapa Nairobi, ambako haikufika, au ilifika ikachukuliwa kuwa mambo ya watu wa pembe za ndovu.

Sasa mrudie yule mtu wa Kayole. Anasema anaye kifaranga wa kijivu, au anaweza kukuletea makau, na bei yake ni nusu ya ile uliyoisikia kwingine. Bei hiyo ya chini ndiyo ya kuogopa. Anayezalisha kasuku kwa halali ana gharama za miaka: jozi ya wazazi, chakula, daktari, kumlisha kifaranga kwa mkono kila baada ya saa chache usiku na mchana, vibali, usafiri. Hawezi kuuza kwa bei ya mbuzi wawili. Anayeweza ni yule ambaye ndege alimpata bure, na bure ni msituni. Kongo mashariki bado kasuku hunaswa. Kituo cha Lwiro katika Kivu Kusini, kilichojulikana kwa kulea sokwe mayatima, kimejikuta kikilea kasuku walionyang'anywa wafanyabiashara. Uganda nako, kisiwa cha Ngamba katika Ziwa Viktoria kiliwapokea mwaka 2013 kasuku waliokuwa wamekamatwa Bulgaria, wakarudishwa bara lao. Fikiria safari hiyo: msituni hadi Ulaya ndani ya kasha, kisha miaka tunduni, kisha kurudi.

Jambo la kwanza la kutazama ni mguu wa ndege. Aliyezaliwa tunduni huvishwa pete ya chuma isiyo na mshono akiwa na siku chache, wakati vidole bado ni laini vinapenya. Akikua, pete haiwezi kutoka wala kuingia tena. Pete ina namba, na namba hiyo iwe ndiyo iliyo kwenye karatasi. Pete yenye mshono, iliyobanwa kwa koleo, haithibitishi chochote, maana hata ndege mzima wa porini anaweza kubaniwa. Jambo la pili ni karatasi zenyewe: cheti cha mzalishaji, kibali cha CITES ikiwa ametoka nje, cheti cha afya na kibali cha idara ya mifugo cha kumwingiza nchini. Nakala ya picha kwenye simu haitoshi. La tatu, wewe mwenyewe nenda makao makuu ya KWS, Lang'ata Road, kabla hujatoa hata shilingi, uulize kuhusu kibali cha kumfuga. Kutoka Komarock ni matatu mbili na foleni ya Nairobi, nusu siku inapotea. Bora nusu siku hiyo kuliko siku za mahakamani.

Anayepita vikwazo vyote hivyo kihalali bado hajafika kwenye gharama yenyewe.

Nyumba za Komarock wengi mnazijua: zimepangwa kwa safu, ukuta mmoja familia mbili, ua wa kuanikia nguo, geti. Pengine ghorofa zilizoongezwa juu kwa wapangaji. Makau hupiga kelele alfajiri na jioni, ndivyo anavyowaita wenzake katika msitu wa kilomita nyingi. Sauti hiyo hufika desibeli 100, karibu na kelele za mashine ya kukata vyuma ya jua kali. Huwezi kumfundisha asipige. Unaweza tu kumzoeza asipige kutwa. Jirani yako aliyetoka zamu ya usiku hatajali kwamba ni ndege wa dola elfu kadhaa. Kanuni za kelele za 2009 zinamruhusu kulalamika, na mwenye nyumba wako hahitaji hata kanuni.

Tundu nalo si lile la waya wa kuku. Mdomo unaopasua kokwa ya mchikichi hukata waya huo asubuhi moja, kisha huhamia kwenye fremu ya mlango. Unahitaji chuma cha kuchomelea, chenye upana wa kumwezesha kutandaza mbawa zinazozidi mita moja, na bado atoke nje ya tundu kwa saa kadhaa kila siku. Sebule ya vyumba viwili vya Komarock, yenye makochi, televisheni na watoto wa shule, itabidi iamue nani mwenyeji. Mafundi wa Eastlands wanaweza kulitengeneza tundu vizuri sana, na hapo kusema kweli tuko mbele ya nchi nyingi. Ila rangi: rangi za zamani zenye risasi, na mabati yaliyopakwa zinki kwa uzembe, humwua polepole anayetafuna kila kitu.

Chakula. Watu humpa kasuku mbegu za alizeti na njugu tu, akanenepa, akakosa vitamini A na kalsiamu, akafa akiwa na miaka 10 badala ya 50. Anahitaji mboga za majani, matunda, nafaka, kokwa kidogo. Soko la Mutindwa linatosha kwa hayo. Tuseme unatumia shilingi 100 tu kwa siku, jambo ambalo kwa makau ni ubahili: ni shilingi 36,500 kwa mwaka, na kwa miaka 40 ni karibu milioni moja na nusu, hata bei zisipande. Zinapanda.

Na kuna vitu vya jikoni vya kumwua ambavyo hapa kwetu ni vya kila siku. Parachichi ni sumu kwa kasuku. Kipande ambacho mtoto anamgawia kwa mapenzi kinaweza kummaliza. Chokoleti vilevile. Sufuria zile zisizoshika chakula, zikisahauliwa motoni zikapata joto kupita kiasi, hutoa mvuke ambao binadamu huenda asiusikie, na ndege katika chumba cha pili anaanguka chini. Moshi wa jiko la makaa, ubani na udi unaofukizwa kila Alhamisi, dawa ya mbu ya kupuliza: mapafu ya ndege hayavumilii. Hili la udi nalisema kwa uchungu, kwani ni nyumba gani ya Kiswahili isiyofukiza?

Daktari ni shida nyingine. Daktari wa mifugo wa mtaani anajua ng'ombe, mbwa na kuku. Aliyezoea kasuku hupatikana kwa wachache, upande wa pili wa mji, na bei ni za upande huo. Kasuku pia huficha ugonjwa. Porini anayeonekana mnyonge ndiye anayeliwa kwanza, kwa hivyo ukimwona amejikunyata na manyoya yamesimama, ameumwa kwa siku kadhaa. Baadhi yao hubeba homa ya kasuku, bakteria wanaoingia kwa binadamu kupitia vumbi la kinyesi kikavu na kuleta homa kali na nimonia. Ndege aliyeingizwa kimagendo hajapimwa na yeyote.

La mwisho ni upweke. Ndege hawa ni wa kundi, na hufungamana na mwenza maisha. Mwenye nyumba anaondoka Komarock saa kumi na moja alfajiri kuwahi matatu ya mjini, anarudi saa mbili usiku. Ndege amekaa saa 15 na ukuta. Baada ya miezi huanza kujinyofoa manyoya, unyoya mmoja mmoja, mpaka kifua kinabaki ngozi tupu kama kuku aliyenyonyolewa. Wengine hawaachi tena hata wakipata wenza. Nimekwisha kuona hali hiyo, na mwenye ndege alikuwa mtu mwema kabisa, anampenda, anamnunulia korosho. Alikosa saa tu.

Kwa anayetaka ndege wa kumchangamsha nyumbani kwa kipimo cha nyumba zetu, wapo kasuku wadogo wa Australia, wale wa kijani na njano au buluu wa kiganja kimoja, ambao wamezalishwa tunduni kwa vizazi na vizazi duniani kote. Nunua wawili waongee wao kwa wao. Huishi miaka michache, hula mtama na mboga kidogo, na kelele zao hazivuki geti. Najua si picha ya kuweka begani.

Wanaobaki ni wale ambao tayari wanaye kasuku wa kijivu, wa tangu zamani, na msamaha wa 2022 uliwapita. Kwao nina maneno mawili matatu. Msimfungulie aende zake. Nairobi si kwao, hajui kujitafutia chakula, Julai baridi inamsubiri, na watoto wa mtaa wana manati. Msimuuze usiku usiku pia, kwani kosa linakufuata na linamwongeza mwenzio. Tafuteni wakili au msaada wa kisheria wa eneo lenu kwanza, kisha mwende KWS mkiwa na chochote mlicho nacho: picha za zamani zenye tarehe, kadi ya daktari, barua, shahidi aliyemwona ndege huyo barazani tangu 1995. Anayejipeleka mwenyewe na aliyekutwa wakati wa msako hawaingii mlangoni kwa sura moja.

Na kwa wazee wetu waliosajili wakapata kibali, hesabu ya miaka bado ipo. Kasuku wa kijivu tunduni huishi miaka 40 hadi 60. Bibi wa miaka 70 mwenye kasuku wa miaka 20 atamwachia mtu. Watoto wako Komarock, Doha na Birmingham, kila mmoja na nyumba yake na saa zake. Kaeni mwulizane sasa ni nani atamchukua, na huyo atakayekubali afuatane naye Lang'ata akaulize kibali kitaandikwaje kwa jina lake.